Mapishi ya oti za kulaza yataje aina ya oti na kiwango cha baridi

Kwako Mhariri,

Ukurasa wenu wa mapishi uligusia oti za kulaza, yaani zile zinazolowekwa usiku kwa maziwa na kuliwa asubuhi zikiwa baridi, bila kuwekwa motoni. Ni vyema mmelileta jambo hili, maana Nairobi hii watu wengi hutoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na mlo ulio tayari ndani ya chupa huwaepusha na mandazi ya stejini. Lakini maelezo yenu yaliishia kumwambia msomaji achanganye oti na maziwa kisha aache hadi asubuhi. Hakuambiwa oti gani, maziwa kiasi gani, wala aache wapi. Hayo matatu ndiyo mapishi yenyewe. Anayeyakosa huamkia ute mzito, au chembe ngumu zinazoelea kwenye maziwa, au huishia kuendesha tumbo, kisha anaapa hatarudia tena. Naomba nafasi niyajaze.

Oti kwanza. Kwenye rafu za supamaketi zetu kuna aina tatu, na zote zinaitwa oti. Kuna chembe iliyokatwakatwa kwa visu vya chuma tu. Kuna chembe nzima iliyopitishwa kwenye mvuke kisha ikabanwa na rola nzito ikawa bapa. Halafu kuna ile iliyokatwa, ikapikwa zaidi kwa mvuke na kubanwa hadi ikawa nyembamba mno, ndiyo inayoiva kwa dakika moja au mbili. Ya kulaza ni ile ya pili. Ukifungua pakiti yake utaona vipande vikubwa vya umbo la yai, vizima, na katikati ya kila kipande kuna mfereji mwembamba wa chembe asilia. Ukiona vipande vidogo vilivyovunjika na unga mwingi umejikusanya chini ya pakiti, hizo ni za haraka, hata kama picha iliyo juu ya pakiti inafanana.

Tofauti hiyo ina sababu yake. Wanga wa oti huvimba na kulainika kabisa unapopata joto la nyuzi 55 hadi 65 hivi za Selsiasi. Ndani ya friji joto hilo halipo. Kinacholainisha oti za kulaza ni maji kupenya polepole, na kupenya huko hutegemea unene wa kipande na kiasi ambacho mvuke wa kiwandani ulikwisha kukipika. Kipande bapa kinene hunywa maziwa usiku kucha na asubuhi bado kina utafunaji. Kile chembamba hulowa kwa dakika chache, na kwa saa zote zilizobaki kinaendelea kumwaga utomvu wake, beta-glukani, kwenye maziwa. Hapo ndipo ule ute unaowachukiza watu hutokea. Mwenye oti za haraka pekee asizilaze. Aziloweke nusu saa asubuhi, zinatosha.

Zile za kukatwa zina shida ya upande wa pili: hata zikikaa kwenye maziwa baridi siku mbili hubaki ngumu. Zinahitaji moto kidogo. Chemsha vikombe viwili vya maji, tia nusu kikombe cha oti hizo, ziache zitokote kwa dakika moja, zima moto na ufunike sufuria. Zikipoa, na hilo lisizidi saa mbili, zitie kwenye friji. Asubuhi chuja maji yaliyobaki, ongeza mala, ule. Utafunaji wake ni mzuri sana, na kwa maoni yangu ndizo bora kwa mtu anayepata njaa mapema.

Wapo wanaojiuliza kama wanaweza kulaza unga wa wimbi au wa mtama kwa njia hii hii. Jibu ni hapana, na ningependa gazeti lenu liseme hivyo waziwazi. Oti zimepita kwenye mvuke na ukaushaji kiwandani. Joto hilo huzima kimeng'enya (enzaimu) kinachochachua mafuta yake na pia huua sehemu kubwa ya vimelea. Unga wa uji ni nafaka mbichi iliyosagwa, na unaweza kubeba vimelea kutoka shambani, kwenye gunia, hadi posho mill. Ndiyo maana uji wetu wa kuchacha, hata baada ya unga kulowekwa siku nzima au mbili, lazima upikwe.

Sasa vipimo. Kwa mtu mzima mmoja: gramu 40 za oti bapa, mililita 120 za maziwa, mililita 60 za mala au za yogati isiyotiwa sukari, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Pakiti ya gramu 500 hutoa milo 12 ya namna hiyo. Vikombe vya chai vya nyumbani havilingani, kimoja huwa cha mililita 200 na kingine 350, kwa hiyo mizani ndogo ya jikoni ni bora. Asiye na mizani achukue bilauri moja ndogo atumie hiyo hiyo kwa kila kitu: bilauri moja ya oti, moja ya maziwa, nusu ya mala. Uwiano huo ukishikwa, ukubwa wa bilauri haudhuru.

Mala nimeitaja kwa makusudi. Uchachu wake huondoa ladha ya nafaka mbichi ambayo wengi hawaipendi, na uzito wake huzuia oti kutuama zote chini. Ukitumia maziwa matupu, ongeza hadi mililita 160, maana utakosa maji yaliyomo kwenye mala. Chia nazo zina hesabu yake. Kijiko kikubwa kimoja, karibu gramu 12, hunywa maji mengi kuliko uzito wake mara kadhaa, hadi mara kumi. Ukikitia bila kuongeza maziwa, chia huzinyang'anya oti maji yake na asubuhi unakuta kitu kigumu kinachosimamisha kijiko. Kila kijiko kikubwa cha chia kiandamane na mililita 60 zaidi za maziwa.

Tia vitu vikavu kwanza: oti, chia, chumvi, na ukipenda iliki iliyotwangwa au mdalasini. Funga chupa uitikise ili chia zisambae. Kisha mimina maziwa na mala, ukoroge kwa kijiko chenye mpini mrefu kinachofika kwenye pembe za chini. Subiri dakika kumi, koroga tena. Hatua hii ya mwisho watu huiruka, na ndiyo inayoleta madonge. Unapokoroga mara ya kwanza oti huzama zote na maziwa yanabaki juu yakiwa meupe tupu. Chia nazo huanza kujivika utando na kushikana. Baada ya dakika kumi utaona vipande vimeanza kuning'inia katikati ya maziwa badala ya kuzama. Koroga wakati huo, vitabaki vimetawanyika hadi asubuhi. Usiku mchanganyiko uwe mwepesi kama uji wa mtoto. Ukiona uzito wake unapendeza saa hiyo ya usiku, umetia maziwa kidogo mno.

Chupa ya jemu au ya siagi ya karanga yenye ujazo wa mililita 400 hivi inatosha, mradi ni ya kioo na kifuniko hakina kutu. Acha nafasi ya vidole viwili juu. Mikebe ya majarini haifai, kwani plastiki yake hushika harufu na kuirudisha kwenye maziwa.

Kuhusu maziwa yenyewe, ya pakiti yaliyokwisha kupashwa joto kiwandani ili kuua vimelea na yale ya muda mrefu hutumika moja kwa moja. Maziwa ya kupimiwa dukani au ya moja kwa moja kutoka kwa mfugaji yachemshwe kwanza, kwa sababu hapa hayatapikwa tena. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Wapo wanaodhani basi maziwa hayaivi sawasawa, lakini joto hilo linatosha kabisa kuua vimelea vya maziwa mabichi. Yakishafura, tumbukiza sufuria kwenye karai la maji baridi na ukoroge hadi joto liishe. Usiyamimine kwenye oti yakiwa moto kisha ukafunga na kutia kwenye friji. Oti zitaiva nusu na kuwa rojorojo, na katikati ya chupa patabaki vuguvugu kwa saa nyingi, nafasi nzuri ya bakteria kuzaana. Tui la nazi nalo lina tabia yake. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kwenye friji utapata vidonge vyeupe vinavyonata mdomoni. Anayelipenda atumie tui la pili, lile jepesi, au aongeze tui zito asubuhi wakati wa kula.

Baridi ndiyo imenisukuma kuandika. Kuacha hadi asubuhi si kuacha mezani. Bakteria wa chakula huzaana haraka kati ya nyuzi 5 na 60, na jikoni kwetu, hata usiku wa Julai ambapo nje kunashuka hadi nyuzi 12 au chini kidogo, ni mahali pa joto kwa maziwa. Baridi ya dirishani inayomfanya mtu avae sweta mbili haihifadhi maziwa. Chupa ikae kwenye nyuzi 4, isizidi 5.

Friji nyingi ndogo za bedsita hazifiki hapo, hasa zikiwa zimesukumwa hadi ukutani zikakosa hewa kwa nyuma au zikijazwa sufuria za githeri zenye moto. Kipimajoto cha friji si ghali. Kiweke ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya katikati, ukiache usiku kucha, ukisome asubuhi kabla ya mtu yeyote kufungua mlango. Kikisoma 8, geuza kitufe cha kuongeza baridi na ukague mpira wa mlango: fungia kipande cha karatasi mlangoni, kisha ukivute. Kikichomoka bila kukaza, mpira umechoka. Chupa ya oti isikae mlangoni, kwani hapo ndipo joto hupanda kila mlango unapofunguliwa. Isukume ndani, nyuma ya rafu ya katikati.

Stima ikipotea, friji iliyofungwa hushika baridi kwa saa nne hivi. Zikizidi, maziwa hayo yamwagwe. Tatizo ni kwamba stima hupotea watu wakiwa wamelala na kurudi kabla hawajaamka. Gandisha kikombe cha maji kwenye sehemu ya barafu, na yakishaganda weka sarafu ya shilingi kumi juu yake. Asubuhi ukikuta sarafu imezama ndani ya barafu, jua barafu iliyeyuka usiku ikaganda upya. Chupa usiiguse.

Asiye na friji, au asiyeiamini, asilaze maziwa kabisa. Aamke, amimine mililita 100 za maji yaliyochemka juu ya gramu 40 za oti bapa, afunike dakika kumi, kisha aongeze pakiti ndogo ya maziwa ya muda mrefu, ambayo kabla ya kufunguliwa haihitaji friji. Zinakuwa vuguvugu, si baridi, lakini ladha na shibe vipo. Hata Maximilian Bircher-Benner, yule daktari wa Zurich nchini Uswisi aliyeanza kuwapa wagonjwa wake oti za kuloweka mwanzoni mwa karne ya 20, hakulaza maziwa. Aliloweka kijiko kikubwa kimoja cha oti kwa vijiko vitatu vya maji, na asubuhi ndipo alipoongeza maji ya limau, maziwa mazito ya mkebe, tofaa zima lililokunwa na kokwa zilizosagwa. Mlo wake kwa hakika ulikuwa wa matunda, oti zilikuwa kidogo tu.

Wale wanaobeba chupa kwenye matatu kutoka Rongai, Kitengela au Ruai wahesabu saa. Chupa ikitoka kwenye friji saa kumi na moja alfajiri na kuliwa saa nne asubuhi ofisini, imekaa saa tano kwenye joto la mkoba. Kikomo ni muda wa saa mbili. Ama ule kabla ya kutoka, ama uifunge kwa taulo pamoja na chupa ya maji yaliyoganda, ama uitie kwenye friji ya kazini mara ufikapo.

Matunda hayatiwi yote kwa wakati mmoja. Maembe na zabibu kavu hufaa kulala. Zabibu hunywa maziwa na kuacha utamu wake. Ndizi iliyoiva sana ukiiponda usiku itageuka rangi, haina madhara, na hupunguza haja ya asali. Nanasi na papai visivyopikwa kamwe visilale na maziwa. Vina vimeng'enya vinavyovunjavunja protini ya maziwa, na asubuhi utaonja uchungu mkali unaoweza kudhani ni wa maziwa yaliyoharibika. Viongezwe unapokula. Karakara hukatisha maziwa matamu kwa asidi yake, ila kwenye mala hakuna tatizo lolote, na kwangu hilo ndilo tunda linalozifaa oti kuliko yote: mbegu zake hutoa ukakasi pale ambapo oti zimelainika. Karanga na simsim zitiwe asubuhi ili zisilegee. Chagua karanga zilizo kavu, zisizosinyaa wala kubadilika rangi, kwa kuwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga. Tunakumbuka mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu hiyo yalivyoua watu 125 Ukambani na maeneo jirani.

Kuna madai yanayosambaa sana kwamba kuloweka oti usiku huondoa asidi ya fitiki, ile inayozuia mwili kuchukua madini ya chuma. Kwa oti hilo si kweli kwa kiasi cha kujivunia. Kimeng'enya ambacho kingefanya kazi hiyo ni kichache ndani ya oti tangu mwanzo, joto la kiwandani hukidhoofisha, na baridi ya friji hupunguza mno kasi ya kilichobaki. Kinachosaidia ni vitamini C ndani ya mlo huo huo: pera, chungwa, embe. Kinachodhuru ni chai ya rangi au ya maziwa inayonywewa pamoja na mlo, kwa kuwa tanini zake hushika madini hayo. Najua ni vigumu kumtenga Mkenya na chai yake ya asubuhi. Aiahirishe saa moja tu.

Faida ya kupunguza lehemu, yaani kolesteroli, nayo itajwe kwa kipimo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mwaka 1997 pakiti za oti ziandikwe kwamba husaidia kulinda moyo, kwa msingi wa gramu 3 za beta-glukani kwa siku. Gramu 40 za oti hutoa karibu gramu moja na nusu. Chupa moja basi ni nusu ya safari, na ukitumia yogati ya stroberi yenye sukari tele, mwenye kisukari hatafaidika kama alivyotarajia. Soma nyuma ya pakiti, sukari iliyoongezwa huandikwa hapo.

Watoto chini ya mwaka mmoja wasipewe asali hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo utumbo wao bado hauwezi kuzizuia. Walio chini ya miaka mitano wapewe siagi ya karanga badala ya karanga nzima, zisije zikawapalia. Kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani asiyestahimili gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, oti za kawaida mara nyingi huwa zimechanganyika na ngano kiwandani. Atafute pakiti iliyoandikwa kwamba haina gluteni.

Chupa zinaweza kutayarishwa mbili kwa pamoja. Siku ya kwanza na ya pili ladha ni nzuri, ya tatu utafunaji umeisha, na baada ya hapo sipendekezi. Ukitia matunda mabichi ndani, ziliwe siku inayofuata. Kifuniko kikifunguka kwa mlio wa gesi, au ukiona mapovu madogo kando ya kioo, usionje kuhakikisha. Mwaga, osha chupa kwa sabuni na maji ya moto, na ukague upya joto la friji kabla ya kulaza nyingine.

Mpishi na msomaji wenu,
South B, Nairobi